Babu Aliyefia Mgodini na Cheti Kisichokuwepo

Yeyote aliyewahi kuhudumu katika kliniki ya kifua inayopokea wagonjwa kutoka nyanda za juu za Kigoma anaijua kauli hii. Unamwuliza mgonjwa wa Kasulu au Kibondo kama kuna mwingine katika ukoo aliyepata kuugua kifua, naye hukujibu kwamba babu alifia mgodini. Husemwa kwa kifupi, kama jambo lililokwisha. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, kauli hiyo imeanza kufuatwa na swali, na mara nyingi mwulizaji ni mjukuu aliyesoma, aliyemsindikiza mzazi wake hospitali: je, daktari, zipo karatasi mahali popote zinazoonyesha babu yetu alikufaje?

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi cha kuona kwamba linastahili jibu la maandishi. Nawajibu kwanza wanafamilia, kisha, kwa ukali kidogo zaidi, nasema na watumishi wenzangu wa afya. Naamini kwamba mtu anayetafuta namna babu yake alivyokufa anatafuta taarifa ya kitabibu, tena taarifa ya aina ambayo sisi wenyewe ndio tunaoiandika, au tunaoacha kuiandika, kila wiki.

Buha, nchi ya Waha, katika utawala wa Waingereza iligawanywa zaidi katika wilaya za Kigoma, Kasulu na Kibondo. Kwa miongo mingi ilikuwa ghala la nguvukazi. Reli ya kati ilipita kusini yake na kuishia ziwani bila kupanda nyanda za juu, mazao ya biashara yalikuwa machache, na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Vijana wakaondoka. Wengi walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Wengine waliingia migodini. Nchi ilikuwa na dhahabu ya Lupa kule Chunya, dhahabu ya Geita, almasi ya Mwadui iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na madini ya risasi ya Mpanda.

Kwa mtu wa Kasulu, Mpanda haikuwa mbali kama Chunya. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi huko, na ni kwa ajili ya mgodi huo tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa na kufika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ingalipo, na mji uliokua pale ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi wa leo. Wagonjwa wangu wazee wanapotaja mgodi, mara nyingi hutaja Mpanda kwanza, na wanapoulizwa mwaka husema tu "kabla ya Uhuru".

Anayeanza kutafuta na aanze na jina, kwa maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Neno manamba, ambalo leo tunalitumia bila kulifikiria, limetokana na namba aliyopewa kibarua wa mkataba. Namba hiyo ndiyo iliyomwita kazini na kumlipa mshahara. Jina lilifuata nyuma, na liliandikwa na karani ambaye aghalabu hakujua Kiha. Jina linaloanza kwa "Nt" au "Nd" laweza kuwa limepoteza herufi ya kwanza, "r" na "l" zimebadilishana, na kijana aliyeondoka kwao kwa jina la Kiha huenda aliandikishwa kwa jina la Kiislamu au la ubatizo alilojipatia njiani. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Karani aliandika pia jina la baba, la mtwale au Mwami aliyemtawala, na la wilaya. Familia ijue kwanza babu alikuwa chini ya utawala gani: Heru, Muhambwe, Buyungu, au kwingineko. Ijue pia kwamba Buhigwe na Kakonko ni wilaya za juzi tu, za mwaka 2012. Mtu wa Manyovu wa mwaka 1952 ataonekana katika karatasi kama mtu wa Kasulu, na mtu wa Kakonko kama mtu wa Kibondo.

Jambo la pili linalowavunja moyo watafutaji ni cheti cha kifo. Wanakwenda kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, kuomba nakala ya cheti cha mtu aliyefariki miaka ya 1940 au 1950, na wanarudi mikono mitupu wakidhani kimepotea. Hakikupotea, kwa sababu hakikutengenezwa. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya mwaka 1920 iliwalazimu Wazungu na Waasia kusajili, Mwafrika hakulazimishwa. Serikali iliyojua kumhesabu mtu wa Buha kwa ajili ya kodi, na ambayo katika miaka ya 1930 iliweza kuvihamisha vijiji vizima vya Buha kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, haikuona haja ya kuandika kifo chake. Sisemi hivi kwa ajili ya kulalamikia wakoloni, ambao wamekwisha kulalamikiwa vya kutosha. Nasema ili mtafutaji asipoteze nauli.

Aelekee wapi, basi? Kifo cha ajali kiliacha alama mahali pengine. Mwenye mgodi alitakiwa kutoa taarifa ya ajali serikalini. Taarifa za mwaka za Idara ya Madini zilihesabu waliokufa lakini hazikuwataja. Zitakwambia kwamba mwaka fulani palitokea vifo, si kwamba mmojawapo alikuwa babu yako. Penye matumaini zaidi ni fidia. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwishoni mwa miaka ya 1940 ilielekeza kwamba mfanyakazi akifa kwa ajali kazini, fedha za wategemezi wake zilipwe mahakamani, si mkononi mwa mjane. Mahakama ilipaswa kujua wategemezi hao ni akina nani. Hiyo ina maana kwamba barua ilitoka mgodini au kwa ofisa kazi, ikaenda kwa Mkuu wa Wilaya wa Kasulu au Kibondo, naye akamwuliza Mwami, Mwami akamwuliza mtwale, hadi mlango wa mjane ukapatikana. Barua za namna hiyo, pale zilipobaki, zina jina la marehemu, jina la baba, la mke, tarehe, na mara chache sentensi moja juu ya namna alivyokufa: aliangukiwa na mwamba, baruti ililipuka kabla ya wakati, alianguka shimoni.

Majalada hayo yatafutwe katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30, hivyo zile za ukoloni zote zimekwisha vuka kiwango hicho. Kuna mtego mmoja. Kasulu na Kibondo hazikuwa na mkoa wao. Zilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi lililotawaliwa kutoka Tabora, na Mpanda nayo vilevile. Anayetafuta chini ya neno Kigoma ataona kidogo sana, na anayetafuta chini ya Tabora au Jimbo la Magharibi ataona mengi. Kwa Geita na Mwadui atafute chini ya Jimbo la Ziwa, Mwanza. Kama babu aliondoka mapema zaidi, kati ya mwaka 1916 na Machi 1921, nchi yote hii ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, na karatasi za wakati huo, kama ziliandikwa, ziliondoka pamoja nao.

Pasisahaulike makanisa. Katika parokia za Kikatoliki, padri aliyembatiza mtu aliacha nafasi pembeni mwa jina lake katika kitabu cha ubatizo, na habari ya kifo ilipofika kijijini mara nyingine iliandikwa hapo kwa Kilatini cha maneno mawili matatu. Mpwa wa mgonjwa wangu mmoja alimpata babu yake kwa njia hiyo baada ya kukaa siku kadhaa bila mafanikio katika nyaraka za serikali.

Hadi hapa nimezungumza kama vile kila babu aliyefia mgodini alikufa kwa ajali. Sasa niseme kile ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha jambo lote: wengi wa mababu hao hawapatikani katika karatasi za ajali kwa sababu hawakufa kwa ajali. Waliuawa na mgodi wakiwa wamekwisha rudi nyumbani.

Mwamba wenye madini ya dhahabu kwa kawaida umejaa silika, ile dutu inayounda mchanga mweupe na jiwe la kwatzi. Ukichorongwa au kupondwa hutoa vumbi, na chembe hatari zaidi ni zile ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hupita pua na koo na kufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Chembechembe za ulinzi wa mwili huzimeza, hazina uwezo wa kuzimeng'enya, hufa, na huacha kovu. Kovu huzaa kovu. Mtu anaweza kufanya kazi miaka 10 au 20 kabla ya kuanza kukosa pumzi. Vumbi likiwa zito sana, miaka mitano inatosha. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Ubaya wake mwingine ni kwamba pafu lenye silika hushindwa kupigana na vimelea vya kifua kikuu. Tafiti za wachimba dhahabu wa Afrika Kusini zimeonyesha kwamba mwenye silikosisi hupata kifua kikuu karibu mara tatu zaidi ya mwenzake asiye nayo, na akiwa pia na virusi vya Ukimwi hatari hizo mbili hazijumlishwi, bali huzidishana. Hatari hiyo humfuata hata baada ya kuacha kazi, maana vumbi halitoki.

Mchimbaji wa mkataba alipoanza kukohoa damu, kampuni ilikuwa na sababu zote za kumlipa mshahara wake wa mwisho na kumpandisha gari. Akafia Kasulu, juu ya mkeka, miezi au miaka baadaye. Kwa mgodi alikuwa mtu aliyemaliza mkataba. Hospitali ya wilaya, kama alifika, ilimwona mgonjwa mmoja zaidi wa kifua. Mke wake peke yake ndiye aliyejua kwamba mgodi ulimuua.

Naijua familia moja ya kijiji cha Kasulu, ambayo nitaificha kwa kubadili mambo madogo. Mzee wa miaka 50 na kitu aliletwa akiwa ametibiwa kifua kikuu mara mbili na bado anapumua kwa shida. Nilipomwuliza juu ya ukoo alisema, "Daktari, kwetu kifua ni cha urithi. Babu, baba, kaka yangu mkubwa, sasa mimi." Nikamwomba radhi kwa kuuliza sana, nikamwuliza kila mmoja wao alifanya kazi gani. Babu: mgodini, miaka minane. Baba: mkonge kwanza, kisha dhahabu. Kaka: duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Yeye mwenyewe: miaka 11 kwenye karasha, akiponda mawe, amejifunga kitambaa puani. Picha yake ya eksirei ilikuwa na vinundu vilivyotapakaa sehemu za juu za mapafu yote mawili, na tezi za katikati ya kifua zilizozungukwa na chokaa nyembamba mithili ya ganda la yai. Makohozi hayakuwa na vimelea vya kifua kikuu.

Familia hiyo ilikuwa imelipa gharama kubwa kwa maelezo yasiyo sahihi. Walikwisha kwenda kwa waganga, wakahama kiwanja, na uchumba wa binti mmoja ulivunjika kwa sababu upande wa pili haukutaka damu ya ukoo wenye kifua. Mwana wa mgonjwa alikuwa ametumia likizo zake mbili kutafuta majalada ya ajali za mgodini ili ajue kisa cha babu mkuu. Hakupata kitu. Mwishowe tuliongea na bibi, shangazi wa mgonjwa, aliyekuwa msichana wakati ule. Nilimwuliza, "Shikamoo bibi. Marehemu baba yako alifia wapi hasa?" Akajibu, "Marahaba. Alifia hapa hapa nyumbani, mwanangu. Alirudi akikohoa, akakaa masika mawili. Lakini mgodi ndio uliomuua." Familia ilikuwa imeihifadhi kweli kwa vizazi vitatu, ila sisi wasikilizaji tuliielewa vibaya. Waliposema babu alifia mgodini, hawakuwa wanataja mahali. Walitaja sababu ya kifo, na kwa maoni yangu waliitaja kwa usahihi kuliko vyeti vingi ninavyovisoma.

Siwezi kumpima marehemu wa zamani hizo, na hakuna eksirei yake. Hata hivyo, vizazi vitatu vya wavuta vumbi havihitaji laana wala urithi ili kueleweka. Silikosisi hairithiwi. Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa, hakipandwi katika damu. Nilimwandikia yule binti barua ya kitabibu yenye mistari minne kusema hivyo, na sijui barua yangu yoyote nyingine iliyosomwa na watu wengi kiasi hicho.

Kwamba vumbi la mwamba linaua haikuwa siri katika zama za babu. Mwaka 1930 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Johannesburg, chini ya Shirika la Kazi Duniani, kujadili silikosisi peke yake. Afrika Kusini ina utaratibu wa kisheria ambao mapafu na moyo wa mchimbaji aliyefariki, familia ikikubali, hupelekwa Johannesburg kuchunguzwa, na ugonjwa ukionekana wategemezi hulipwa fidia. Ni utaratibu mzuri uliowafaa zaidi waliokufa karibu na hospitali, na kwa miongo mingi hao walikuwa wachimbaji weupe. Aliyerudi kufia kijijini kwao, iwe Lesotho au Msumbiji, alizikwa na mapafu yake na ushahidi wake.

Jambo jingine la kutazama ni kule Ubelgiji, katika mgodi wa makaa wa Bois du Cazier, Marcinelle, ambako moto wa tarehe 8 Agosti 1956 uliua watu 262, zaidi ya nusu yao wahamiaji kutoka Italia. Majina yao yote yanajulikana. Miili michache tu ilizikwa bila kutambuliwa, na mwaka 2021, miaka 65 baadaye, makaburi hayo yalifukuliwa ili vinasaba vilinganishwe na vya jamaa walio hai. Naeleza hayo si ili tuone wivu wa maabara zao. Vinasaba vilipata kazi ya kufanya kwa sababu palikuwa na orodha kamili ya walioshuka shimoni siku ile.

Sisi je? Aprili 1998 mafuriko yalijaza mashimo ya tanzanaiti ya Mererani, na idadi ya waliokufa ilibaki kuwa jambo la kubishania kwa kuwa hapakuwa na daftari linaloonyesha nani alikuwa chini. Januari 2024 udongo uliporomoka katika machimbo ya Simiyu na kuua zaidi ya watu 20. Vijana wa Kasulu na Kibondo bado wanaondoka, leo kwa basi au bodaboda, kuelekea Geita, Kahama na Katavi. Hawana tena namba ya mkataba. Wana jina la utani na simu ambayo huzimika pamoja nao.

Hapa ndipo ninapowageukia watumishi wenzangu. Cheti cha kitabibu cha sababu ya kifo, kwa mtindo wa Shirika la Afya Duniani, kina mnyororo: kilichomwua mgonjwa moja kwa moja, kilichosababisha hicho, na chini kabisa chanzo cha yote. Ninavyovisoma huishia katika mstari wa kwanza. "Kushindwa kwa moyo na upumuaji." Kila mtu aliyepata kufa moyo wake ulishindwa. Penye nafasi ya kazi panaandikwa "mkulima", kwa kuwa alipofikishwa wodini alikuwa amekwisha rudi kulima, au kwa kuwa ndilo neno tunalomwandikia kila anayetoka kijijini. Mchimbaji wa miaka 15 anakufa mkulima, na takwimu za taifa zinaonyesha nchi yenye migodi mingi na wagonjwa wachache wa migodi. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, ina alama J62 kwa ugonjwa wa mapafu wa vumbi la silika, na J65 kwa ule ulioandamana na kifua kikuu. Zipo ili zitumiwe.

Najua pingamizi. Ofisa tabibu katika kituo cha afya hana eksirei wala muda, na kuandika ugonjwa asioweza kuuthibitisha ni kosa. Nakubali, asiandike silikosisi kwa kukisia. Lakini kuandika kwamba marehemu alifanya kazi kwenye karasha kwa miaka 11 hakuhitaji eksirei. Kunahitaji swali moja kwa mke au kaka: mgodi gani, kazi gani, miaka mingapi. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ndugu wengi hawataki neno mgodi litajwe, kwa hofu kwamba polisi wataitwa, mwili utachelewa, na mazishi yatavurugika. Kwa kifo cha ghafla cha ajali sheria ya uchunguzi wa vifo inataka polisi wahusike, na hilo hatuna ruhusa ya kulikwepa. Kwa aliyekufa wodini kwa ugonjwa wa miaka mingi, kutaja kazi aliyoifanya ni maelezo ya ugonjwa wake, si tuhuma kwa mtu yeyote. Ndugu wakielezwa hivyo kwa upole, kabla ya fomu kujazwa, wengi huafiki.

Kuna pia fedha, ambazo madaktari tunaona haya kuzitaja. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko ambao tangu mwaka 2015 hupokea michango ya waajiri, na mjane wa mfanyakazi aliyekufa kwa ajali au ugonjwa wa kazi anastahili mafao. Mjane huyo atadaiwa ushahidi. Akiwa na cheti kinachosema moyo ulishindwa, atakuwa amebeba karatasi isiyomsaidia. Kwa mchimbaji mdogo asiye na mwajiri aliyesajiliwa mlango huo bado umefungwa, na hilo ni suala la watunga sera. Lakini hata hao watunga sera watahitaji idadi, na idadi hutoka katika fomu zetu.

Vifo vya nyumbani vina njia yake. Kifo hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na anayepokea habari kijijini ni mtendaji. Mganga wa zahanati anayemfahamu mtendaji wake anaweza kumwomba jambo dogo: kila mwanamume anayefariki baada ya kukohoa kwa muda mrefu, jina la machimbo aliyofanyia kazi liandikwe pembeni.

Kwa familia zinazotafuta, ombi langu ni kwamba kabla ya safari ya Dar es Salaam mketi na mzee aliyebaki. Mwulizeni babu alifia wapi, kwa maneno hayo hayo, na msiridhike na jibu la "mgodini". Alirudi? Alikaa muda gani? Alikohoa nini? Alikonda? Alikuwa akichoronga mwamba chini, au alipika, au alisukuma mabehewa juu? Nani mwingine wa kijiji aliondoka naye, na huyo alikufaje? Andikeni majibu pamoja na jina la aliyewajibu na tarehe. Kama alikufa kwa ajali, karatasi hiyo itamwongoza mhifadhi wa nyaraka kwenye jalada. Kama alirudi akikohoa, ileteni kliniki siku mnapomleta mgonjwa, nasi tutaibana ndani ya faili lake, nyuma ya picha ya eksirei.